Moyo Hupumzika Lini?

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili ataje kiungo kisichopumzika tangu mtu azaliwe hata afe, naye bila kusita atajibu kuwa ni moyo. Jibu hilo limo vinywani mwa watu wengi, na wako walimu walitumialo kuwahimiza vijana wafanye bidii: utazameni moyo, haulali wala haulalamiki, nanyi fanyeni vivyo hivyo. Mfano huo wavutia, ila una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba si kweli.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 75 hivi kwa dakika. Kila pigo, pamoja na utulivu unaolifuata, huchukua sekunde 0.8. Katika muda huo vyumba viwili vya chini vya moyo, viitwavyo ventrikali, ambavyo ndivyo vyenye kazi kubwa ya kuisukuma damu mapafuni na mwilini kote, hujikaza kwa sekunde 0.3 tu, sekunde 0.5 zinazobaki hulegea. Vyumba viwili vya juu, atria, vina kazi nyepesi zaidi: hujikaza kwa sekunde 0.1 na kulegea kwa sekunde 0.7. Mwanafunzi mwenye penseli na karatasi aweza kuimaliza hesabu mwenyewe. Katika saa 24, ventrikali za mtu aliyetulia hufanya kazi kwa jumla ya saa 9 na kupumzika kwa jumla ya saa 15. Masharti hayo yanakaribiana mno na yale ya karani wa ofisini, isipokuwa kwamba moyo hauna likizo ya mwaka na mapumziko yake umegawiwa vipande vidogo vidogo.

Yafaa kuuliza hizo sekunde 0.5 zina faida gani. Ya kwanza yaeleweka upesi: ni lazima chumba kilegee ndipo kijae damu ya kusukumwa katika pigo lifuatalo. Ya pili haisemwi sana madarasani. Moyo nao ni msuli, na kama msuli mwingine wowote wahitaji kuletewa oksijeni na chakula. Huletewa kwa mishipa yake wenyewe inayopita ndani ya kuta zake. Sasa, ventrikali ya kushoto inapojikaza, kuta zake huibana mishipa hiyo hata damu ikapita kwa shida. Inapolegea, mishipa hufunguka na damu hupita kwa wingi. Kwa maneno mengine, ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya lishe yake wakati wa kupumzika. Mtu akikimbia hata moyo ukapiga mara 180 kwa dakika, muda wa kila pigo hupungua ukawa kama sekunde 0.33, na sehemu inayopunguzwa zaidi ni ile ya mapumziko. Kijana mwenye afya huyastahimili hayo kwa kitambo. Mtu ambaye mishipa ya moyo wake imesongwa na mafuta hawezi. Hushikwa na maumivu ya kifua, nayo ni ishara kwamba msuli unadaiwa kazi bila kupewa nafasi ya kula.

Hivyo mapumziko ya moyo hayakuwekwa pembeni ya kazi yake. Yamo ndani ya kila pigo, na bila hayo pigo linalofuata haliwezekani. Wakulima wetu walilijua jambo la namna hii kuhusu ardhi zamani sana, ndiyo maana walilipumzisha shamba lililochoka wakahamia jingine. Kuhusu mwili na akili ya binadamu, sayansi ilichelewa kulipima.

Kidole cha mtu wa Turin

Mmoja wa waliolipima kwa makini alikuwa Angelo Mosso, profesa wa fiziolojia katika mji wa Turin, Italia, ambaye kitabu chake kuhusu uchovu kilitoka mwaka 1891. Mosso alibuni chombo sahili. Mkono wa mtu ulifungwa juu ya ubao usiweze kusogea, kidole cha kati kikaachwa huru, na kidole hicho kikafungwa uzi wenye uzito wa kilo chache. Mtu alitakiwa kuuvuta uzito huo tena na tena kwa mwendo uliopimwa, huku kalamu ikichora katika karatasi inayozunguka kimo cha kila mvuto. Mistari ya mwanzo ilikuwa mirefu. Kisha ilifupika mmoja baada ya mwingine, mpaka kidole kikashindwa kabisa kuinua kitu ingawa mwenyewe alijitahidi kwa nguvu zake zote.

Msaidizi wake, Maggiora, aliuliza swali ambalo kila mwajiri na kila mwalimu angepaswa kuliuliza: kidole kilichochoka kabisa chahitaji muda gani ili kirudie nguvu zake? Kwa kidole chake yeye jibu lilikuwa saa mbili. Kisha akaigawa kazi. Badala ya kuvuta mpaka kushindwa, alivuta nusu tu ya idadi ile, akapumzika. Mtu angetazamia kwamba nusu ya kazi itahitaji nusu ya mapumziko, yaani saa moja. Haikuwa hivyo. Ilitosha robo ya muda, nusu saa.

Tofauti hiyo yastahili kutazamwa vizuri, kwa maana ndiyo kiini cha habari yote. Nusu ya kwanza ya kazi ililipiwa kwa nusu saa ya kupumzika. Nusu ya pili, yenye mivuto dhaifu zaidi, ililipiwa kwa saa moja na nusu. Anayefanya kazi mpaka achoke kabisa hununua kazi ya mwisho kwa bei mara tatu ya ile ya kwanza, na bidhaa yenyewe ni hafifu. Katika saa zile zile mbili, mtu anayevuta nusu na kupumzika nusu saa aweza kufanya kazi nyingi kuliko yule anayejikamua mpaka mwisho.

Zamani vitabu vya shule viliilaumu asidi ya laktiki peke yake kwa uchovu wa msuli. Siku hizi yajulikana kwamba sababu ni nyingi: akiba ya glikojeni hupungua, fosfeti hulundikana ndani ya seli, na kalsiamu inayouamrisha msuli ujikaze hutolewa kwa uchache. Vilevile sehemu ya uchovu haimo katika msuli hata kidogo. Mosso alilionyesha hilo kwa njia ya kuchekesha kidogo. Alikipima kidole cha Maggiora kabla ya kuwatahini wanafunzi kwa mdomo, akakipima tena baada ya kazi hiyo. Maggiora alikuwa ameketi tu akiuliza maswali, hakubeba mzigo wowote, lakini kidole chake kilikuwa kimepungukiwa nguvu sana. Walimu watakaosoma habari hii hawatastaajabu.

Viwanda vya makombora

Kidole ni kidole, na mtu aweza kudai kwamba kiwanda kizima ni jambo jingine. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilileta nafasi ya kulichunguza dai hilo kwa kiwango ambacho hakuna maabara ingaliweza kukifikia. Uingereza ilihitaji makombora kwa haraka, na katika viwanda vyake wafanyakazi, wengi wao wanawake, walifanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki, hata 70, mara nyingi pamoja na siku ya Jumapili. Hoja ilikuwa nyepesi: askari hawana Jumapili, basi na kiwanda kisiwe nayo. Mwaka 1915 serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi hao, na miongoni mwa waliofanya uchunguzi alikuwamo H. M. Vernon, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Oxford. Vernon alihesabu, wiki baada ya wiki, idadi ya vifaa vilivyotengenezwa, akailinganisha na saa zilizotumika. Saa zilipopunguzwa, viwanda havikupoteza kile ambacho mameneja walikiogopa. Mahali pengine vifaa viliongezeka.

Takwimu hizo zilihifadhiwa, na karibu karne moja baadaye, mwaka 2014, mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alizichambua upya kwa hesabu za kisasa. Aliona kwamba hadi saa 49 hivi kwa wiki, kazi iliongezeka sambamba na saa. Baada ya hapo kila saa iliyoongezwa ilileta kidogo kuliko iliyotangulia. Wiki ya saa 70 ilitoa vifaa karibu sawa na wiki ya saa 56. Saa 14 za ziada, ambazo mama wa watoto alizitoa akiwa amesimama mbele ya mashine, hazikumpa taifa lake chochote cha kuhesabika. Tena ilidhihirika kwamba kukosa siku moja kamili ya mapumziko kulipunguza kazi ya wiki nzima.

Usiku wa mtahiniwa

Haya yote yamhusu mwanafunzi kuliko anavyodhani. Ukaribiapo mtihani wa kidato cha nne, mabweni ya shule nyingi huwa na wale wasomao mpaka saa nane za usiku kwa mwanga wa koroboi au tochi, miguu imetiwa katika beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue. Viranja huwasifu. Wazazi wakisikia hufurahi, na methali ya mtaka cha mvunguni hutajwa. Matokeo yatokapo na kijana akawa hakufaulu, husemwa kuwa hana akili, kwa kuwa bidii hakuna aliyeona imepungua. Hukumu hiyo yaweza kumfuata maisha yake yote, nayo huenda ikawa imetolewa bila kuchunguza kilichotendeka kichwani mwake usiku ule.

Mwaka 1924, J. G. Jenkins na K. M. Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi kumi zisizo na maana wazikariri. Safari nyingine walizikariri usiku wakalala mara moja. Safari nyingine walizikariri asubuhi wakaendelea na shughuli za mchana. Baada ya saa nane za kuwa macho walikumbuka wastani wa kama silabi moja tu kati ya kumi. Baada ya saa nane zilizo na usingizi walikumbuka zaidi ya tano. Watu wawili ni wachache, lakini majaribio mengi yaliyofuata, yenye watu wengi zaidi, yamethibitisha kwamba usingizi husaidia kumbukumbu. Mwaka 1994 sababu mojawapo ilianza kuonekana. Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za ubongo wa panya katika sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo huhusika na kukumbuka mahali. Seli zilizokuwa zimefanya kazi pamoja panya alipokuwa akitembea zilirudia kufanya kazi pamoja alipolala, kana kwamba ubongo unaipitia tena safari ya mchana. Yaonekana aliyelala anaendelea kudurusu. Aliyekesha amejinyima marudio hayo, naye alfajiri huingia katika chumba cha mtihani akiwa na mambo aliyoyasoma yakiwa hayajatulia mahali pake.

Tena si mkesha mmoja tu wenye hatari. Katika shule ya bweni ambayo taa huzimwa saa tano usiku na kengele ya kuamka hulia saa kumi na moja alfajiri, mwanafunzi hupata saa sita za kulala hata asipoiba muda wa kusoma. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, walipopitia tafiti nyingi mwaka 2016, walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mwaka 2003, Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio ambalo watu wazima walilala saa sita tu kila usiku kwa majuma mawili. Mwishoni mwa muda huo, umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha usiku mzima, na kwa vipimo vingine hata siku mbili. Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba wenyewe hawakujihisi wamechoka kwa kiasi hicho. Kwa hiyo neno la mwanafunzi asemaye kuwa amezoea si ushahidi. Kipimo chake mwenyewe nacho kimelala.

Chai ya rangi au kahawa haibadilishi mizani hiyo. Mtu akiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya polepole ubongoni na kuleta hamu ya usingizi. Kafeini huziba milango ambayo adenosini ingepitia kutoa habari yake. Habari imezuiwa, lakini deni lingali palepale, nalo hudai kafeini inapokwisha mwilini. Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya macho na mikono kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hukifikia kiwango hicho saa tano usiku. Kwa mwanafunzi madhara ni ukurasa unaosomwa mara nne bila kueleweka; kwa dereva wa lori la masafa marefu, au muuguzi anayepima dozi ya dawa mwisho wa zamu ya pili mfululizo, madhara ni mengine.

Usingizi si pumziko pekee. Uchunguzi wa Michaela Dewar na wenzake katika Edinburgh, uliochapishwa mwaka 2012, uliwahusu wazee walioelezwa hadithi mbili fupi. Baada ya hadithi moja waliketi dakika kumi katika chumba chenye giza, macho yamefumbwa, bila shughuli. Baada ya nyingine walipewa mchezo wa kutafuta tofauti kati ya picha. Siku saba baadaye, hadithi iliyofuatwa na utulivu ilikumbukwa vizuri zaidi. Ratiba ya shule ambamo kipindi cha fizikia huishia mlangoni mwa kipindi cha historia, bila hata dakika tano katikati, haimpi mwanafunzi nafasi hiyo. Na zile dakika kumi zinazoangukia mikononi mwa simu hazihesabiki kuwa utulivu, maana mchezo wa picha ndio huo huo.

Wako watakaosema kwamba mapumziko ni anasa ya watu wa mijini, na kwamba wazee wetu walifanya kazi mchana kutwa. Yafaa watazame karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, waliko Wahadza ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 na David Raichlen na wenzake uliwapima kwa vyombo vilivyofungwa mwilini, na ikaonekana kuwa wao, ambao hutembea na kuchimba kuliko karibu watu wote wa mijini, hupumzika kwa saa zipatazo 10 wakati wa mchana. Tofauti ni namna ya kupumzika: mara nyingi huchutama au kupiga magoti, hata misuli ya miguu ikaendelea kufanya kazi kidogo, badala ya kulegea kabisa kitini. Usiku hulala kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2015, uliowahusu Wahadza, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ulikuta usingizi wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa wastani. Mtetezi wa kengele ya saa kumi na moja asiishike takwimu hiyo kwa pupa. Waliopimwa walikuwa watu wazima, walijilaza kwa saa 6.9 hadi 8.5 ili kupata usingizi huo, na hakuna kiranja aliyewaamsha.

Shule itakayopenda kulirudia jambo la Mosso haihitaji maabara. Chombo ni kibanio cha nguo, pamoja na saa yenye mshale wa sekunde. Wanafunzi wagawanywe wawili wawili. Mmoja akishike kibanio kwa kidole gumba na cha shahada, akifungue na kukifunga kikamilifu kwa haraka awezavyo kwa sekunde 30, na mwenziwe ahesabu. Aendelee hivyo mara sita bila kituo, na kila hesabu iandikwe. Kesho yake, saa ile ile, arudie mara sita, lakini kati ya zamu na zamu mkono upumzike dakika moja. Mwalimu asiwaambie mapema waonavyo wataalamu. Darasa lenye vipindi vya asubuhi na vya alasiri lifanye jaribio lote mara mbili, kipindi cha kwanza na kipindi cha mwisho, ili lione kama kidole cha mtu aliyeketi tu darasani kitafanana na kile cha Maggiora. Aliyeanza kwa mkono wa kulia amalize kwa mkono huo huo, na mistari yote ichorwe juu ya karatasi moja ya grafu.